Fimbo ya Babu Enoch na Barbeli Tisa

Bewdley, Jumapili, 25 Juni 1978

Mjomba Clem,

Mto Severn umeomba poo. Usicheke. Juzi nikiteremka ngazi na fimbo ya kuvulia begani, nilisikia kwa masikio yangu samaki wakiambiana, "Jamani, Kelvin huyo kaja tena, kila mtu aagane na mkewe." Tangu msimu ufunguliwe tarehe kumi na sita, hakuna mvuvi kutoka hapa mpaka Bridgnorth anayethubutu kukaa karibu nami. Wanasema nawazibia riziki. Siku ya kwanza peke yake nilitoa barbeli tisa. Tisa, Mjomba! Wale samaki wenye ndevu nne mdomoni, wabishi kama mawakili. Wa mwisho alikuwa na urefu wa mbwa wa kasisi, na nadhani alibweka.

Haya, shikamoo. Salamu ndizo zilizotakiwa kutangulia, lakini habari kama hiyo haisubiri foleni. Sisi huku wazima. Mama anauliza kama unakula na kama soksi zimefika. Bibi Elsie goti linamsumbua, mdomo haumsumbui. Yule kasuku wake mdogo alikufa Jumatano, na mimi ndiye niliyeachiwa kumwangalia, kwa hiyo usimwambie mtu. Nilikimbia Kidderminster saa ya chakula nikanunua mwingine wa kijani vilevile, nikamtia tunduni kabla Bibi hajarudi kutoka kwenye bingo. Hajagundua kitu. Kipaji hicho, hakifundishwi shuleni, na ndiyo maana niliacha shule.

Kiwandani nimepanda cheo. Zamani nilikuwa nafagia nyuzi chini ya mitambo ya mazulia. Sasa nafagia na kumwamrisha mwenzangu naye afagie.

Fimbo ya Babu nzima kabisa. Naipangusa kuliko Mama anavyopangusa sahani za wageni. Ikipinda, wazee wa klabu wanaacha mishipi yao kuja kuitazama. Mzee Hodgetts wa duka la zana za uvuvi alisema, "Enoch hakufa, kahamia kwenye mianzi yake." Nikamwambia, "Basi kwa mara ya kwanza amepata dereva."

Mpwa wako, bingwa wa kaunti,
Kelvin


Kambini, Sullom Voe, Shetland, 9 Julai 1978

Mpwa wangu Kelvin,

Marahaba. Barua yako ililala Lerwick siku nane kwa ukungu. Mwambie dada yangu soksi zimefika na zinatosha hata nikiota mguu wa tatu. Nakula. Huku kisiwani kaskazini jua linakataa kuzama, mti hakuna hata wa kujinyongea, na upepo ukikukuta na mlango mkononi unaondoka na mlango. Sisi mafundi mbao wa kambi hii ya ujenzi ndio tunaoifukuzia milango. Mito nayo hakuna. Kuna vijito ambavyo mtu anavuka bila kuacha maongezi.

Barbeli zako tisa nimewasomea wenzangu chumbani. Fundi bomba mmoja wa Glasgow akauliza, "Huyo mpwa wako ana matatizo ya hesabu au ya macho?" Nikamwambia ni ya mdomo, kayatoa upande wa baba yake.

Sasa acha kucheka unisikilize. Fimbo hiyo babu yako aliitengeneza majira mawili ya baridi, mezani pa jikoni, bibi yako akila kasimama. Alipasua mwanzi vipande sita, akaviranda mpaka vikawa vyembamba kama sindano ya kufumia, akaviunga kwa gundi, akafunga pete za kupitishia mshipi kwa nyuzi za hariri za kijani. Ilikuwa ya mwisho kuitengeneza. Tangu afe, kila Jumapili ya kwanza ya Oktoba klabu nzima hukaa kimya ukingoni mpaka fimbo hiyo itupe mshipi kutoka kituo chake, chini ya mti ulioinama. Ndipo wengine wanapotupa. Miaka kumi na moja nimeitupa mimi. Likizo ya Oktoba nimeshaiomba.

Nilikuachia kwa masharti matatu, nayarudia maana nakujua. Usiitie kwenye mfuko wake ikiwa na maji. Usiiegemeze ukutani, itachukua umbo la ukuta. Na usiiache juu ya panda zake, vile vijiti vya kuilazia, huku gurudumu la kukunjia mshipi limefungwa, hata kwa dakika ya kukojoa. Barbeli si mgeni wa chai, haonji kwanza. Anakwapua na kuondoka, na kilichofungwa naye kinaondoka naye.

Nijibu upesi. Huku barua ndiyo jioni ya mtu.

Mjomba wako,
Clem


Bewdley, Jumapili, 20 Agosti 1978

Mjomba,

Shikamoo. Najua nimechelewa. Wiki sita si mchezo. Kwanza kiwandani kulikuwa na kazi nyingi, halafu kukawa hakuna kazi kabisa, na mtu asipokuwa na kazi ndipo anapokosa nafasi. Pia niliungua na jua. Pia wino.

Mama mzima, anakusalimu. Bibi naye mzima. Kasuku mpya anakula kama askari. Kaka yake rafiki yangu Titch kaoa, harusi ilikuwa nzuri, nilicheza mpaka watu wakasimama kando, na si kwa sababu niliwakanyaga kama atakavyokwambia Mama. Lorraine wa duka la chipsi ananipunguzia bei. Sijui kwa nini. Ni sura tu.

Nina swali dogo, la elimu tu. Mtu akitaka kuchagua fimbo nzuri ya mtoni, yaani ya barbeli na maji yanayokimbia, anaangalia nini? Kwa Hodgetts zipo za faiba za kahawia, futi kumi na moja, bei ya binadamu. Halafu ipo moja ya kaboni, nyeusi, imetundikwa juu peke yake kama picha ya Malkia. Ukiishika huamini kwamba umeshika kitu. Hodgetts anasema ndiyo dunia inakokwenda. Titch anasema dunia ikienda huko yeye anashuka.

Halafu, nauliza tu, kwa mfano mtu akitaka ya mianzi, ya zamani kidogo, futi kumi na moja, nyuzi za kijani, mpini wa koki, ile ya vizibo vya chupa, ulioliwa kidogo pale penye kidole gumba, je, zipo zinazouzwa mahali? Zilikuwa zinafanana fanana?

Maji mtoni yameshuka. Samaki wamelala. Sina la kusimulia.

Wako,
Kelvin


Sullom Voe, 3 Septemba 1978

Kelvin,

Samahani kwa mwandiko. Kalamu mbovu na meza inacheza.

Hilo "sina la kusimulia" limenitia wasiwasi kuliko wiki sita za kimya. Wewe hukosi la kusimulia hata ukiwa usingizini.

Kuhusu kuchagua. Usiitikise dukani kama wanavyofanya wajinga, mtikiso hausemi kitu. Funga mshipi, mtu akushikie mwisho wake, kisha inua taratibu. Tazama inapopindia. Inayopinda nchani tu ni ya samaki wadogo. Inayopinda yote mpaka mkononi ni tamu, ila kwenye maji ya nguvu itakuaibisha. Wewe unataka iliyolegea nchani, kisha katikati ikaze, ikuambie "hapa basi." Funga jicho moja uitazame kama bunduki. Ikienda kombo, iache. Pitisha uzi laini ndani ya kila pete. Ukikwama, pete ina jino, na jino hilo litakula mshipi wako siku ya samaki wa maisha. Mpini uishie kwenye kiwiko. Halafu ishike mkono ulionyooka mpaka muuzaji achoke. Fimbo nyepesi asubuhi inaweza kuwa gogo jioni.

Hiyo ya kaboni, ni nyepesi kiasi gani hasa? Kuna rafiki yangu hapa anauliza. Ana mkono usiokuwa mzima. Mtu anaweza kuishika kwa vidole vichache?

Za mianzi zipo sokoni, lakini hazifanani. Babu yako alisahihisha kila moja kwa makosa ya iliyotangulia.

Na kabla sijasahau, bibi yako ameniandikia. Habari ya kasuku aliijua siku ileile. Yule wa kwanza alikuwa akimtukana kila asubuhi kwa sauti ya babu yako, huyu mpya anasema "habari." Amekaa kimya ili usione haya. Anasubiri umwambie mwenyewe.

Sasa nijibu hili tu. Fimbo unayo. Nyingine unaitafutia nini?

Clem


Bewdley, Alhamisi, 14 Septemba 1978

Mjomba,

Shikamoo, na pole na meza. Mama kapika pai ya figo akakukumbuka akalia kidogo, halafu akala fungu lako. Bibi nimemwambia habari ya kasuku. Akasema, "Kasuku yupi?" Akanikatia keki kipande kikubwa. Yule bibi ni hatari.

Sasa habari ya kaboni, mwambie rafiki yako akae chini. Jumamosi nilikwenda kwa Hodgetts na masharti yako yote kichwani. Nikaishusha ile nyeusi, nikatia gurudumu, nikapitisha mshipi. Hodgetts akaja mbio.

"Wewe, unanunua au unacheza?"

"Nachagua."

"Umechagua tangu saa tatu. Sasa hivi ni saa sita."

"Mke ulimchagua kwa muda gani, Mzee?"

"Kwa haraka. Ndiyo maana niko hapa dukani Jumamosi."

Akakataa kunishikia mshipi, kiuno chake kibovu. Basi nikaufunga kwenye kitasa cha mlango, nikarudi nyuma mpaka kwenye ndoo za funza wa chambo, nikainua taratibu kama ulivyosema. Nchani imelegea, katikati inakaza, inasema "hapa basi" kwa sauti kabisa. Nikiwa nasikiliza, kasisi akafungua mlango kutoka nje. Mjomba, alivuta! Nikajua ana uzito, nikampa mshipi, nikamkaza, nikampa tena. Akabaki ameshika kitasa anasema, "Kuna mtu ndani anazuia?" Hodgetts akapiga kelele, "Usikate mshipi, Kelvin, huyu ndiye samaki wa msimu!" Mbwa wa kasisi tu ndiye aliyekasirika.

Uzito wa fimbo hiyo ni kama mkate wa siku tatu. Mpini unafika kwenye kiwiko. Nimeishika dakika ishirini mkono ulionyooka, nikachoka kabla ya Hodgetts, lakini ni kwa sababu yeye alikaa. Pete zote safi. Imenyooka kuliko sheria.

Titch naye ana swali, ni yeye anayeuliza, si mimi. Fimbo ya mianzi ikiingia majini, inaelea au inazama? Na mto ukiwa chini kama sasa, kitu kilichotoka pale kwenye mti ulioinama kinaweza kuishia wapi? Amebishana na mtu.

Siku hizi nimependa kutembea. Nikitoka kazini nashuka ukingoni mpaka Stourport na kurudi, kila siku, na ndoano kubwa ya kuopolea matawi. Mazoezi. Viatu vimekwisha. Mama anadhani ni Lorraine. Lorraine anadhani nina kichaa.

Kuna swali lako moja sijalijibu, najua. Karatasi imekwisha.

K.


Sullom Voe, 22 Septemba 1978

Mpwa wangu,

Karatasi uliyoandikia ilikuwa na nafasi ya mistari minane chini. Nimeihesabu.

Mwambie Titch inazama. Mwanzi ungeelea, lakini gurudumu la shaba la babu yako linaushusha.

Sasa na mimi niseme langu. Rafiki mwenye mkono mbovu hayupo. Tarehe kumi na tisa Agosti msumeno wa umeme uliruka kwenye fundo la ubao ukanichukua vidole viwili vya mkono wa kulia, na cha tatu kipo kwa ajili ya picha tu. Sikusema kwa sababu dada angepanda boti. Barua hii na ile nyingine nimeziandika kwa kushoto. Usimwambie, nitamwambia mwenyewe nikiwa nimekaa mezani na chai.

Nimelala wiki tano nikiigiza kwa mkono mtupu ile kazi ya kutupa mshipi. Siwezi. Fimbo ya mianzi ni nzito, inataka mkono mzima, na babu yako hakuitengeneza ili ishikwe kwa huruma. Ubavu wako nimeujua tangu una miaka sita. Una mdomo mrefu, lakini una mikono yake. Kwa hiyo kuanzia leo fimbo si ya kuazima. Ni yako. Jumapili ile ya Oktoba utakaa kituoni kwake, utatupa wewe, na wote watakungoja wewe.

Naomba kitu kimoja. Kabla hujatupa, niwekee mkononi. Kushoto. Nipate kuisikia tu, kisha utaichukua.

Natoka kambini Alhamisi. Ijumaa nitalala Aberdeen, nyumba ya wageni ya Bi. Geddes ile ninayofikia siku zote, anwani anayo mama yako. Jumamosi jioni niko Bewdley.

Kama una la kuniambia, mistari minane ile bado ipo.

Mjomba wako,
Clem


Bewdley, Jumanne, 26 Septemba 1978

Mjomba Clem,

Naituma kwa Bi. Geddes ili uisome kabla hujapanda treni. Ukasirike Uskoti nzima na nusu ya Uingereza, ukifika hapa hasira iwe imechoka.

Shikamoo. Pole na mkono. Nilipoisoma nilikuwa nimesimama jikoni, Mama akaniuliza, "Kuna nini?" Nikasema, "Mjomba anasifia soksi." Nikaenda nikakaa chooni mpaka chai ikapoa.

Jana nilirudi kwa Hodgetts. Nikaichukua ile nyeusi nikaishika kwa mkono wa kushoto, vidole viwili na gumba, vingine nimevikunja. Inashikika. Inatupika pia. Niliitupa uani kwake mara thelathini, mara ya kumi nikaangusha chungu chake cha maua, baada ya hapo nikanyooka. Nimeichukua, iko nyuma ya mlango wa chumba changu, nimeilaza, sikuiegemeza. Ni yako. Haichukui nafasi ya kitu. Habari ya kasuku nimeielewa.

Sasa nasema.

Fimbo ya Babu sinayo. Iko mtoni tangu Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili Julai. Nimetafuta siku sitini na sita mpaka leo. Nimeopoa baiskeli, mlango wa jiko la chuma, na kiatu cha mtu mwenye miguu mikubwa kuliko akili yangu. Titch alizamia mara nne akapata mafua. Nyumbani hakuna anayejua, ni yeye tu, na Lorraine na mdogo wake waliokuwapo.

Nilikuwa pale kwenye mti ulioinama. Chambo nyama ya kopo. Fimbo juu ya panda mbili. Maji yalikuwa yanavuta mshipi, nikawa naukaza, unalegea, naukaza, nikachoka. Nikafunga gurudumu. Nililijua sharti, nililisikia kwa sauti yako kabisa, nikasema ni dakika moja.

Lorraine alikuwa anapita juu njiani na mdogo wake, wanakula aiskrimu. Nikapanda ngazi. Ni ngazi sita. Akaniuliza, "Ni kweli ulipata tisa siku ya kwanza? Bibi yako anamsimulia kila mtu." Mjomba, nilipata wawili. Mmoja alikuwa sawa na kiganja. Tisa nilikuandikia wewe kwa sababu uko mbali na peke yako, na kwa sababu nilitaka usome jina langu kwa sauti mbele za watu. Lakini wewe ningeweza kukusahihishia baadaye. Nikamwambia, "Tisa." Akasema, "Na huyo mkubwa, alikuwa mkubwa kiasi gani?"

Nikatanua mikono.

Hapo ndipo ncha ya fimbo ilipogonga maji. Niliiona, Mjomba. Watu wote wakiniuliza nitasema nilikuwa nimegeuka, lakini wewe nakwambia niliiona. Panda ya mbele ikaanguka. Mpini ukaburuzika juu ya majani taratibu, taratibu kabisa, kama mzee anayeshuka kitandani. Ngazi sita. Mtoto mdogo angeiwahi. Mdogo wake Lorraine ndiye aliyepiga kelele, "Fimbo! Fimbo!"

Sikuruka. Nilisimama pale nikiitazama ikienda, katikati ya mikono yangu miwili, na mikono sikuishusha, maana ningeishusha Lorraine angejua hapakuwa na samaki huyo.

Kelvin